Msumeno Usiotakiwa Kuimba

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa Mama Uzi ni sindano. Huwa imechomekwa kwenye kola ya gauni lake, upande wa kushoto, na tunduni mwake huning'inia uzi mweusi wa urefu wa shibiri moja. Huwa hapo akiwa sokoni, akiwa msibani, hata akiwa amejinyoosha kitandani mchana wa Jumapili. Jumatano ile ilikuwa hapo pia, ingawa cherehani ilikuwa imesukumwa ukutani, na mezani pake, juu ya shuka kuukuu, ulilala msumeno wa mashine uliofunguliwa vipande vipande. Mikono ya Mama Uzi ilikuwa myeusi kwa oili hadi viwikoni.

Wifi yake, anayeishi nyumba ya pili, aliingia na bakuli la kuazima chumvi akasimama mlangoni.

"Hodi humu ndani. Wifi, hicho ni nini tena?"

"Karibu. Usikanyage hiyo kadibodi, ina skrubu."

"Nauliza, hicho ni nini?"

"Msumeno wa kaka yako."

Wifi akausogelea, akaugusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayejaribu pasi ya moto. "Sasa wewe utakata kuni au utazishona?"

"Nitaanza na lile litakalowezekana," alisema Mama Uzi, bila kuinua kichwa. "Chumvi iko kwenye kopo la juu."

Nje, kwenye baraza, alikaa kaka mtu, mume wa Mama Uzi, ambaye mtaa mzima humwita Gogo. Alikuwa amelipa dirisha mgongo. Alisikia kila neno na alijifanya hasikii hata moja.

Gogo alikuwa mkata kuni wa shule ya bweni iliyo ng'ambo ya barabara. Jiko la shule lina mafiga makubwa ya matofali, na kwa miaka kumi na tisa kila kipande cha kuni kilichoingia humo kilipita kwanza kwenye msumeno wake. Watoto wa nyumba hiyo, ambao sasa ni watu wazima wenye nyumba zao, walilelewa na kazi hiyo pamoja na sare za shule ambazo mama yao alizishona. Gogo alikata, Mama Uzi akanoa. Meno ya mnyororo aliyanoa yeye kwa tupa, jino baada ya jino, kwa kuwa jicho lililozoea pindo la sketi haliwezi kudanganywa na jino lililoinama.

Mwezi mmoja kabla ya Jumatano hiyo, wakata kuni wenzake walimwambia Gogo kwamba ekzosi ya msumeno wake ilikuwa imebanwa mno.

"Tundu lenyewe kama pua ya panya," alisema mmoja. "Injini inakosa pumzi. Litanue, uone."

Gogo alichukua drili, akatoboa matundu matatu, akawasha. Msumeno ukaimba. Ulitoa sauti nyembamba, safi, ya juu, ambayo haukuwahi kuitoa tangu ununuliwe, na Gogo alisimama nao mkononi akitabasamu kama bwana harusi. Uliukata mti wa kwanza kama papai bivu. Wa pili vivyo hivyo. Kwenye mti wa tatu, katikati ya wimbo wake, ukanyamaza. Kamba ya kuwashia haikuvutika tena.

Alirudi nyumbani akisema muuza petroli amemuuzia maji. Habari ya matundu hakuitaja.

Wiki mbili baadaye, akinawa uso asubuhi kwa maji ya baridi, vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na kikombe cha chai kikamponyoka bila yeye kujua kwamba alikuwa amekiachia. Daktari wa zahanati alivibonyeza vidole kimoja kimoja, akamuuliza kazi yake na miaka yake.

"Mzee wangu, mishipa ya vidole hivi imechoka kutikiswa," alisema. "Ukiendelea, siku moja utashika kisu upande wa makali na hutajua. Mashine ya kutikisika, basi."

Gogo aliuviringisha msumeno kwenye gunia, akausukuma chini ya kitanda. "Umekwisha," alisema. Haikueleweka alisema juu ya msumeno au juu ya mkono.

Mambo yangeishia hapo, kama si upepo. Ulivuma siku mbili baada ya msumeno kulazwa chini ya kitanda, ukaung'oa mti mkubwa wa uani mwa shule, ukaulaza katikati ya njia ya jikoni. Wanafunzi walikuwa likizo. Mpishi mkuu wa shule, mwanamke mnene, mpole wa sauti na mgumu wa maneno, alivuka barabara mwenyewe akaja kusimama barazani kwa Gogo.

"Kaka, mti umelala njiani kwangu," alisema. "Ni wenu kama kazi zote zilivyokuwa zenu. Lakini mimi nina watoto mia sita wanaorudi. Jumamosi ya wiki ijayo nikiukuta haujaguswa, Jumapili namwita Bwana Lori, na kuni zote za shule zinahamia kwake. Tusije tukalaumiana."

Bwana Lori alikuwa kijana mwenye lori na msumeno mpya, mrefu kama ngalawa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kifaa kizima tu.

"Nimesikia, dada," alijibu Gogo, na tangu hapo hakusema tena habari ya kuni.

Mama Uzi alisubiri siku tatu, kama watu wanavyosubiri matanga yaishe. Siku ya nne akaingia chini ya kitanda, akalivuta gunia.

"Unafanya nini huko?" aliuliza Gogo.

"Nafagia."

Mama Uzi hakuwa mjinga wa mashine. Kwa miaka thelathini alikuwa ameifungua cherehani yake na za wenzake, akaziosha kwa mafuta ya taa na kuzifunga tena bila nati moja kubaki. Aliamini kwamba chuma hakina uchawi: ukikifungua kwa utaratibu na kukumbuka ulikotoa kila kitu, kitakuambia kilipoumia. Kwa hiyo kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye kipande cha kadibodi, mahali palepale ilipokaa kwenye mashine, kama mtu anayepanga vifungo vya shati.

Plagi ndiyo ilianza kusema. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeupe kama chaki. Kisha akatoa ekzosi, akayaona matundu matatu mapya yenye kingo za kung'aa. Akayatazama kwa muda mrefu. Akatazama dirishani, kwenye mgongo wa mumewe. Katika ndoa yapo mambo ambayo huachwa mpaka yajitaje yenyewe.

Alipoing'oa silinda, akaiona pistoni. Upande wa ekzosi ilikuwa imechanika mistari mirefu, kama iliyokwaruzwa na paka, na madini yake laini yalikuwa yameyeyuka na kugandia ukutani mwa silinda. Ringi ilikuwa imenaswa kwenye mfereji wake.

Kwa desturi, injini ya aina hii ikikauka hivyo, lawama huenda kwenye oili. Msumeno hauna tangi la oili ya injini. Oili huchanganywa humohumo ndani ya petroli, na mtu akisahau kuchanganya, injini hufa. Lakini dumu la Gogo lilikuwa na alama ambayo Mama Uzi mwenyewe aliizungushia uzi mwekundu, petroli hadi hapa, oili hadi hapa, na mafuta yaliyobaki ndani yalikuwa na rangi na utelezi unaotakiwa. Muuza petroli alikuwa ametukanwa bure.

Jibu lilimjia kesho yake, akiwa ameirudisha cherehani kwa saa mbili ili amalize sketi za watu. Uzi ulianza kujikusanya vinundu chini ya kitambaa. Alijua sababu kabla hajatazama: juzi yake aliulegeza uzi wa chini na hakuugusa wa juu. Nyuzi mbili zinavutana, ukibadili mmoja sharti ubadili na wa pili. Mguu wake ukasimama juu ya pedeli.

"Kumbe," alisema peke yake.

Gogo alikuwa ameipanulia injini njia ya pumzi, lakini petroli akaiacha ileile. Hewa ikawa nyingi, petroli ikawa kidogo, na kwa sababu oili husafiri ndani ya petroli, oili nayo ikawa kidogo. Injini ilizunguka kwa kasi kuliko siku zote, ikapata joto kuliko siku zote, na ikapakwa mafuta pungufu. Sauti ile tamu iliyomfanya Gogo atabasamu ilikuwa kilio cha kiu.

Alirudi kwenye msumeno siku hiyohiyo, na humo akakuta jambo jingine, ambalo hakuwa akilitafuta.

Kati ya injini na mishikio ya msumeno kuna mipira minne midogo, kazi yake ni kunywa mtikisiko kabla haujafika mkononi. Mitatu ilikuwa imekatika. Haikukatika jana wala juzi, kwa maana vumbi la mbao lilikuwa limegandamana kwenye mipasuko mpaka likawa gumu kama udongo wa ukuta. Kwa miaka, pengine mingi, chuma kilikuwa kikigonga chuma, na mkono wa Gogo ndio uliokuwa mpira.

Mama Uzi aliisafisha mipira ile, akaipanga kwenye kizingiti cha dirisha, nyuma ya kisogo cha mumewe. Jioni Gogo aliingia ndani, akaiona. Aliuchukua mmoja, akaubana, ukafunguka kama mdomo.

"Hii ilikuwa hivi?" aliuliza.

"Niliikuta hivyo."

Aliurudisha mahali pake kwa uangalifu sana, kama yai. Usiku huo alikula kidogo. Asubuhi, Mama Uzi alipotoka kwenda kununua vipuri, alikuta viatu vyake vimefutwa.

Kwenye duka la vipuri muuzaji alikuwa kijana mwenye penseli sikioni. Mama Uzi akafungua kitambaa, akaitoa pistoni mbovu na mipira mitatu.

"Shikamoo mama. Hivi si vya cherehani."

"Marahaba. Najua. Cherehani haina pistoni. Au wewe ulikuwa hujui?"

Kijana akacheka, lakini bado akaendelea. "Mwambie mzee aje mwenyewe, mama. Vitu hivi vina vipimo vyake. Ukikosea nusu uzi, umenunua pambo."

"Nusu uzi," alisema Mama Uzi, na akaigusa sindano kolani. "Mwanangu, hayo ya uzi niachie mimi. Nipe pistoni ya kipimo hiki, na ringi yake, na mipira minne, si mitatu. Na karatasi ya gasketi. Halafu nipimie."

Muuzaji akaleta pistoni. Mama Uzi akazungusha uzi kwenye ile ya zamani, mahali ambapo haikuchanika, akabana kwa ukucha, akaizungushia ile mpya uzi huohuo. Ukucha haukukutana na mwanzo wa uzi. Akairudisha. Muuzaji akasoma maandishi ya boksi, akakuna kichwa kwa penseli, akaenda kuleta nyingine. Hiyo ilikaa. Alipokuwa anafunga vitu hivyo kwenye gazeti hakusema tena habari ya mzee.

Kusafisha silinda kulimchukua siku nzima. Madini yaliyogandia ukutani hayatoki kwa kukwangua, na ukikwangua kwa hasira unaharibu ukuta wenyewe. Alivaa glavu za mpira, akaenda uani kwenye upepo, akazungusha pamba kwenye kijiti na kuichovya kidogo tu kwenye dawa kali ya kusafishia choo. Alipopaka, madini yakachemka povu jeupe. Akafuta, akapaka tena, uso ameugeuza pembeni. Povu lilipokoma alijua madini yamekwisha na ukuta wa silinda umebaki peke yake. Akaiosha silinda kwa maji mengi ya sabuni, akapitisha msasa laini kwa mzunguko, mkono mwepesi, na akaingiza kidole. Hakikukwama popote.

"Wifi!" aliita dada mtu kutoka upande wa pili wa ukuta. "Hiyo ni harufu ya choo au ya chakula cha kaka yangu?"

"Njoo uonje!"

Gasketi aliikata kwa mkasi wa nguo, akitumia ile ya zamani kama kielelezo, sawasawa na anavyokata kola. Kabureta aliifungua juu ya sinia ili kitu kisipotee. Kitundu cha petroli kilikuwa kimeziba kwa taka, na hapo alikumbuka sindano yake, mkono ukapanda hadi kolani, kisha ukashuka. Chuma kingekwaruza shaba, na tundu likipanuka hata kidogo kabureta imekufa. Akautoa uzi kwenye sindano, akaupaka nta ukakakamaa, akaupitisha.

Ya ekzosi ilibidi ayaamue. Angeweza kuyaziba yale matundu na kuurudisha msumeno ulivyokuwa. Lakini mti uliolala shuleni ulikuwa mnene kuliko wowote waliowahi kuukata, na Gogo hakukosea alipotaka nguvu zaidi. Alikosea kwa kuishia katikati ya kazi. Kwa hiyo aliyaunganisha matundu matatu yakawa moja, akalilainisha kingo kwa tupa, akaweka wavu wa chuma wa kuzuia cheche. Kisha akafunga kila kitu: mshale wa pistoni kuelekea ekzosi, mwanya wa ringi kwenye pini yake, mipira mipya minne, skrubu moja moja kutoka kwenye kadibodi. Haikubaki hata moja.

Jumatano, wiki moja tangu aanze, aliupeleka uani. Akaifungua skrubu ya petroli ya kabureta mpaka ikagota, ili petroli nayo iongezeke. Akaubana msumeno chini kwa mguu, akavuta kamba. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya nne ukakohoa. Mara ya sita ukawaka.

Kuku wa jirani walitawanyika. Wifi alitokeza kichwa juu ya ukuta. Mama Uzi aliuacha upate joto, kisha akabana kitufe cha mafuta hadi mwisho, na msumeno ukapanda, ukapanda, ukawa sauti moja nyembamba, safi, iliyonyooka kama uzi uliovutwa. Yeye, aliyejua yote, alijikuta anatabasamu.

"Zima!"

Gogo alikuwa anakuja mbio kutoka barazani, ndala moja mguuni na nyingine imebaki njiani.

"Zima, mama watoto! Zima!"

Akazima. Uani pakawa kimya, kuku hawakuthubutu kurudi.

"Ndivyo ulivyoimba," alisema Gogo akihema. "Siku ile. Sauti hiihii. Mimi nikauona umepona, kumbe..." Akatazama ekzosi, akatazama chini. "Yale matundu niliyatoboa mimi."

"Nilijua haikuwa panya."

"Muuza petroli nilimtukana mbele ya watu."

"Hiyo utaenda kuimaliza mwenyewe. Sasa niambie: ulivyokuwa unakata zamani, kabla ya matundu, ukibana mafuta hewani ulikuwa unalia vipi?"

Gogo akafikiri. Miaka kumi na tisa ya sauti ilikuwa kichwani mwake, na hakuna aliyewahi kumuuliza. "Ulikuwa kama una kigugumizi," alisema hatimaye. "Mnene. Kama unataka kusema kitu na unakosa. Ukiugusisha mti, kigugumizi kinaondoka."

"Basi huo ndio tunaoutafuta. Ngoma ikivuma sana hupasuka."

Tatizo likaonekana mara moja. Skrubu ya petroli ilikuwa imevishwa kofia ndogo ya plastiki yenye mkia, na mkia huo ulizuia skrubu isizunguke zaidi ya robo. Mama Uzi alipoifungua mpaka ikagota, alidhani amefika mwisho wa skrubu, kumbe amefika mwisho wa kofia. Aliing'oa kwa koleo la kucha. Gogo akachuchumaa karibu naye, akainamisha kichwa, akafumba macho. Mama Uzi akawasha.

"Fungua," alisema Gogo. Akafungua kidogo. "Bado unaimba. Fungua tena. Tena." Sauti ikashuka, ikawa nene, ikaanza kukatikakatika. "Rudisha kidogo. Hapo. Hapo, usiguse!"

Msumeno uliguruma na kukwama na kuguruma, sauti ya aibu kabisa.

"Unakoroma kama wewe!" Mama Uzi alipaza sauti juu ya kelele.

"Mimi sikoromi!"

"Muulize dada yako, anakusikia nyumba ya pili!"

"Namsikia!" alijibu wifi kutoka juu ya ukuta.

Mama Uzi akauteremsha mnyororo kwenye kipande cha mti. Mara meno yalipouma, kigugumizi kikaondoka; injini ikakaza sauti, ikazama kwenye mti kwa utulivu, maranda ya mbao yakamwagika miguuni, manene na marefu. Alipouinua, ukaanza kukoroma tena. Gogo alikuwa anacheka, mkono ameuweka mdomoni. Baadaye Mama Uzi akatoa plagi wakaitazama wote wawili. Ilikuwa imeanza kupata rangi ya chai.

Kabla hajaenda ndani, Gogo aliomba kuushika. Alikumbuka maneno ya daktari, akauwasha kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, viganja vyote viwili kwenye mishikio. Kisha akauzima, akavitazama vidole vyake.

"Hautikisi," alisema.

"Mipira," alisema Mama Uzi.

Alhamisi na Ijumaa Gogo alimfundisha mkewe: miguu isimame wapi, gogo likianza kubana msumeno ufanye nini, ncha ya upanga, ule ubao wa chuma unaobeba mnyororo, isiguse mti kwanza, maana itakurukia. Alifundisha kwa ukali, kama mtu aliyekaa mwezi mzima na maneno tumboni. Mama Uzi alipokosea mara mbili kosa lilelile, Gogo alisema, "Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekufukuza," na Mama Uzi akasema, "Ungekuwa fundi wangu ungekuwa bado chini ya kitanda." Walikata vipande vidogo vyote vya uani, na mbao za banda la zamani la wifi ambaye hakuwa ameombwa ruhusa. Msumeno ulikoroma na kukata.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo wote wawili walilijua na hakuna aliyelitaja. Siku ile msumeno ulikufa baada ya kukata mfululizo kwa muda wa nusu tangi. Vipande vya uani viliukatisha kazi kila dakika mbili, ukapoa. Mti wa shule ungeubana muda mrefu bila kupumzika, tangi baada ya tangi, na huko ndiko ingejulikana kama pistoni mpya imekaa au inajiandaa kuyeyuka kama mwenzake. Hapakuwa na njia ya kulijaribu hilo uani.

Jumamosi walivuka barabara asubuhi, jua limeshapanda juu ya paa la jiko. Mama Uzi alibeba msumeno. Alivaa suruali ya Gogo iliyopunguzwa kiunoni, buti za Gogo zilizojazwa soksi, miwani ya kukinga macho, na juu yake gauni la kazi lenye kola, na kolani sindano. Gogo alibeba dumu na tupa, mikononi amevaa glavu za sufu ambazo mkewe alimfumia ili vidole visipatwe na baridi. Njiani alipitia kwa muuza petroli, akakaa humo dakika tatu, akatoka ameinamisha kichwa lakini anatabasamu.

Getini walimkuta Bwana Lori, ameegemea lori lake.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee. Nimekuja kutazama tu," alisema kwa adabu. "Ukichoka, msumeno wangu uko kwenye lori."

"Marahaba, mwanangu. Na wa kwako ukichoka, sindano yangu iko kolani."

Bwana Lori akacheka mpaka akainama. Kutoka ndani, mpishi mkuu alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono kiunoni, akauonyesha mti uliolala njiani kana kwamba wangeweza kuupita bila kuuona. Kwa karibu ulikuwa mnene zaidi kuliko ulivyoonekana kutoka barazani. Upanga wa msumeno ungefika katikati yake tu. Ingebidi kukata kutoka pande mbili, taratibu, bila kupumua.

"Mlinzi!" aliita mpishi. "Fungua watu waingie, jua linapanda!"

"Nafungua, mama, nafungua," alijibu mlinzi, akitoka kibandani na kitita cha funguo. "Ila kufuli limebadilishwa, sijui ni upi."

Akajaribu wa kwanza. Haukuingia. Wifi alifika anahema, amebeba kigoda, akakiweka kivulini akakaa kama aliyefika harusini. Mlinzi akajaribu wa pili.

Gogo alisogea karibu na mkewe. "Mimi nitasimama upande wa ekzosi," alisema kwa sauti ya chini. "Macho nitafumba. Wewe usinitazame."

"Ukianza kuimba?"

"Nitapiga kelele. Unaachia mafuta saa hiyohiyo, hata kama umebakiza unyoya."

"Na usipoimba?"

"Nitanyamaza." Akafikiri. "Ukiona nimenyamaza, kata."

Mama Uzi aliitikia kwa kichwa. Aliuweka msumeno chini, akakagua mnyororo kwa kidole, jino baada ya jino, akafungua tangi akatazama mafuta, rangi ni yenyewe, akafunga. Ufunguo wa tatu uliingia lakini haukuzunguka. Mlinzi akautoa, akaupuliza, akasema hawa watu wa kufuli Mungu anawaona.

Mama Uzi akauweka mguu juu ya mshikio wa nyuma, palepale kwenye vumbi nje ya geti, ili akiingia asipoteze muda kuupasha joto, akaishika kamba ya kuwashia. Gogo akafumba macho. Mlinzi akachomeka ufunguo wa nne.